Neno "depression": wenye Kiingereza wanalitumiaje, na sisi tumelipokeaje?

Wakuu, salaam zenu.

Nafundisha Kiingereza sekondari, na nje ya ratiba ya shule hutafsiri vipeperushi na fomu za afya. Neno "depression" linanipitia kila wakati, leo kwenye insha ya mwanafunzi, kesho kwenye fomu ya kliniki, na humu jukwaani ndiyo usiseme. Timu imefungwa, mtu ana depression. Mshahara umechelewa, depression. Bando limekata katikati ya mechi, depression. Nimeamua kulifungulia uzi kwa sababu naona kabisa kwamba kwa namna tunavyolitumia, tunawafungia mlango wale wanaoumwa kweli. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Asili yake ni Kilatini, "deprimere", yaani kukandamiza kitu kiende chini. Maana hiyo haijafa. Mwingereza akiona ardhi imebonyea kidogo, sehemu ile anaiita "a depression". Godoro likibonyea pale mtu anapolala, ni hilohilo. Watu wa hali ya hewa nao wanalo. Ndugu zetu wa Mafia, Kilwa na Lindi wanakikumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Mfumo kama ule, kabla haujapewa jina, hupitia hatua ambayo kwa Kiingereza huitwa "tropical depression": eneo la mgandamizo mdogo wa hewa ambalo upepo wake bado haujafika kilomita 63 kwa saa. Ukifika hapo ndipo unapewa jina.

Halafu wachumi. Mdororo ulioanza 1929 baada ya soko la hisa la New York kuporomoka ndio ulioingia kwenye historia kama "Great Depression". Misukosuko ya nyuma yake, ule wa 1893 na ule wa 1907, Wamarekani waliiita "panic", yaani taharuki. "Depression" lilisikika la upole kidogo, ingawa hali yenyewe ilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia.

Kwa upande wa moyo wa binadamu, Kiingereza kilianza kulitumia karne ya 17 katika maneno kama "depression of spirits", roho iliyokandamizwa. Ila madaktari hawakuuita ugonjwa hivyo. Wao walikuwa na "melancholia", neno la Kigiriki lenye maana ya nyongo nyeusi. Tangu enzi za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, iliaminika kuwa mwili unaendeshwa na majimaji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na kwamba hii ya mwisho ikizidi mtu anaingiwa na huzuni isiyo na sababu. Wazee wa pwani waliosoma tiba za Kiarabu wanaijua hesabu hii vizuri kabisa, maana ni elimu ileile iliyopita Baghdad. Mwaka 1621 msomi mmoja wa Oxford, Robert Burton, ambaye alikuwa kasisi, alichapisha kitabu kinene mno juu ya ugonjwa huo peke yake.

Waliolipandisha cheo neno "depression" ni madaktari wa akili wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja wao ni Adolf Meyer, Mswisi aliyehamia Marekani na baadaye akafundisha chuo kikuu cha Johns Hopkins. Kuanzia 1904 alipendekeza "melancholia" liachwe na "depression" lishike nafasi yake, kwa hoja kwamba lile la zamani linajifanya kujua chanzo cha ugonjwa wakati hakijulikani. Hoja ina mantiki. Lakini mwandishi wa Marekani William Styron, ambaye ugonjwa huu ulimwangusha 1985 nusura umuue, aliandika kwa uchungu miaka michache baadaye kwamba neno hili halina nguvu hata kidogo: neno linalofaa kwa kudorora kwa uchumi au kwa shimo la barabarani litabebaje mateso yale? Mimi nakubaliana naye. Mtu ambaye hajawahi kuugua akilisikia, anafikiria siku mbaya tu.

Na hapa ndipo penye tatizo ambalo si letu peke yetu. Mwingereza wa kawaida mvua ikinyesha wiki nzima anasema "I'm so depressed", na hana maana yoyote ya ugonjwa. Ni kuchoshwa tu. Ndiyo sababu madaktari wao wanalazimika kuongeza kitu mbele: "clinical depression", "major depression". Wameona neno likiwa peke yake haliaminiki tena.

Kwa hiyo anayejifunza Kiingereza asiliangalie neno, aangalie lililoandamana nalo. "I feel depressed" ni hali ya sasa, inaweza kuisha jioni. "I have depression", "I suffer from depression", "I was diagnosed with depression", hapo mtu anazungumzia ugonjwa, na ukimwambia "pole, itapita" utakuwa hujamsikia. Angalia pia hiki kiherufi "a". Ugonjwa kwa kawaida haukichukui. Ukikuta "a depression", mara nyingi ni ardhi iliyobonyea, ni hali ya hewa au ni uchumi. Kikiongezwa kivumishi, kama "a deep depression", kinaweza kurudi kwenye moyo, kwa hiyo soma sentensi nzima.

Kosa ninalosahihisha kuliko yote ni la "depressing". Mwanafunzi anaandika: "I am very depressing because I failed Mathematics." Alitaka kusema amevunjika moyo. Alichosema ni kwamba yeye ni mtu wa kuwatia wenzake huzuni. Kinachosababisha ndicho "depressing": habari, sinema, chumba kisicho na dirisha. Aliyepatwa ndiye "depressed".

Na kabla hujalifikia neno hilo, Kiingereza kina mengine ya kutosha. Ukifiwa, ni "grief". Ukiudhiwa au ukishtuliwa na jambo, "upset". Huzuni ya kawaida ni "sad", neno ambalo zamani lilimaanisha kushiba hadi kukinai, na Wajerumani mpaka leo aliyeshiba wanamwita "satt". "Unhappy" limetoka kwenye "hap", bahati, kwa hiyo mwanzoni lilikuwa la mtu asiye na bahati. Siku hizi kazini lina matumizi ya kuangalia: bosi akisema "I'm unhappy with this report", hana huzuni yoyote, hajaridhika na kazi yako, irudie.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 1980 ndio uliokaza maana ya kitabibu, na kimsingi haijabadilika sana. Kuna dalili tisa. Mtu awe na angalau tano, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili mfululizo, na ziwe zimeharibu maisha yake. Na katika hizo tano lazima iwemo moja kati ya mbili: moyo kushuka, au kukosa raha na hamu ya vitu vilivyokuwa vinampa raha. Soma tena hiyo ya pili. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa huu bila kutoa chozi. Mpenda mpira anakaa mbele ya runinga, timu yake inafunga, na ndani yake hakuna kinachotikisika. Hizo nyingine ni usingizi kuharibika (wapo wanaoamka saa tisa usiku na hawalali tena, wapo wanaolala mchana kutwa), hamu ya kula na uzito kubadilika, kuishiwa nguvu, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujiona huna thamani au una hatia, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, na kufikiria kifo.

Shuleni kwetu kulikuwa na binti wa bweni, mchezaji wa netiboli ambaye mwalimu wa michezo alikuwa hamwachi benchi. Akaanza kukaa. Akawa wa mwisho kutoka bwenini, nywele hazijachanwa, sketi ileile. Matroni akampeleka kupima malaria, hamna. Taifodi, hamna. Alipoulizwa alijibu hivi tu: "Mwili hauna nguvu, madam." Kila siku jibu hilohilo. Wiki ileile matokeo ya mtihani wa moko yalitoka, na nusu ya darasa lake walikuwa wanasema wana depression. Yeye hakulitamka neno hilo hata siku moja. Bahati nzuri matroni hakuishia kwenye vipimo vya damu. Alimpeleka hospitali ya wilaya kwa mtu wa afya ya akili, akapata matibabu, na kidato cha nne alimaliza.

Hilo ndilo ninalotaka kusema kwenye uzi huu. Wanaolipaza neno mara nyingi hawaumwi, na wanaoumwa mara nyingi hawana neno. Wanasema kichwa kinauma, mgongo, moyo unaenda mbio, mawazo mengi, nimechoka. Sisi masikio yetu yamefundishwa kusubiri neno la Kiingereza, na hilo neno tumeshalichosha kwa bando na mechi.

Kiswahili hakikupungukiwa. Huzuni ipo. Majonzi na simanzi ni nzito zaidi, za msiba. Jitimai ni ya kukaa na mtu moyoni. Kihoro ni kile kinachokupiga ghafla ukipoteza kitu au mtu, na wazee walijua kuwa mtu anaweza kufa kwa kihoro. Kwa ugonjwa wenyewe wataalamu wa Tanzania wameshalisimika neno sonona, kutoka kusononeka: maumivu yanayokula ndani kwa ndani. Ukiniuliza mimi, ni bora kuliko la Kiingereza. La kwao linaonyesha kitu kilichobonyezwa, la kwetu linaonyesha mtu anayeumia.

Naomba kuwasilisha. Walio kwenye fani ya afya mje mtusaidie.

BabaWawili:
Mkuu umeandika vizuri ila mimi nina swali la msingi. Babu zetu walilima, walizaa watoto kumi, walipita vita na njaa, hatukuwahi kusikia mtu ana sonona. Haya magonjwa si yamekuja na hayo maneno?

Mleta uzi:
BabaWawili, swali la haki kabisa. Jina linaweza kuwa jipya na hali ikawa ya zamani. Kijijini kwenu hapakuwa na mtu aliyeitwa "mwenye mawazo"? Mama aliyekaa ndani akaacha shamba likaota majani, watu wakasema amerogwa? Mzee aliyefiwa na mke na mwaka uliofuata akamfuata bila ugonjwa unaojulikana?

Mfano mzuri upo Zimbabwe. Washona wana neno "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na mtu wa kule anaweza kukuambia kuwa ndilo linalomuumiza. Katika miaka ya 1990 watafiti walilifuatilia na kukuta kwamba wengi wenye kufungisisa wana dalili zilezile ambazo madaktari wanaziita depression na wasiwasi uliopitiliza. Kisha daktari wa akili Dixon Chibanda, kuanzia 2006 pale Mbare, Harare, akawafundisha akina bibi wa mtaani wakae kwenye benchi nje ya zahanati wawasikilize watu na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Hawakuanza na neno la Kiingereza, walianza na kufungisisa. Majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi walipona vizuri kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika hadi Malawi na Zanzibar.

MwanaPwani:
Shukran kwa kuileta jitimai, neno hilo vijana wameliacha. Mimi naongeza kuhusu msiba. Kwetu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Katika muda huo akilia, asipokula, asipotaka kuona watu, hakuna anayemwita mgonjwa. Sasa kwa huo mwongozo wa wiki mbili, si kila mjane atapewa dawa?

Mleta uzi:
MwanaPwani, umegusa ugomvi ambao madaktari wenyewe waligombana hadharani. Mwongozo ule wa Marekani kwa miaka mingi ulikuwa na kifungu kinachomtoa mfiwa: mtu aliyefiwa ndani ya miezi miwili iliyopita asihesabiwe kuwa na depression, isipokuwa dalili zimezidi sana. Toleo la 2013 likakiondoa kifungu hicho. Waliopinga walisema maneno kama yako, kwamba majonzi yanageuzwa ugonjwa. Waliounga mkono walisema mfiwa naye anaweza kuugua, na akinyimwa matibabu kwa kuwa amefiwa, ni kumwonea.

Baadaye wakaongeza jina la majonzi yasiyoisha. Kwa Shirika la Afya Duniani ni kuanzia miezi sita, kwa Wamarekani mwaka mzima kwa mtu mzima. Na wote wawili wanasema lazima uangalie desturi ya mhusika. Kwa hiyo eda inaheshimiwa. Kinachoangaliwa ni mtu ambaye muda wote umepita, watu wamerudi makwao, na yeye bado yuko siku ya kwanza.

Muuguzi_wa_Zamu:
Niko kwenye fani. Naongezea hapo kwa mfiwa, kwa sababu tunaulizwa sana. Majonzi huja kwa mawimbi. Mtu analia, halafu anakumbuka kituko cha marehemu anacheka na wenzake, halafu analia tena. Akipikiwa chakula anachokipenda anaweza kula. Mwenye sonona hana hayo mawimbi, ni bapa siku nzima. Na mfiwa hulia kwa ajili ya aliyeondoka, mwenye sonona hujilaumu yeye: mimi ni mzigo, nimewakosea wote, bora nisingekuwepo. Ukisikia maneno hayo usingoje arobaini ipite.

Jingine ni dawa. Watu wanaanza, siku ya nne wanaona hamna kitu, wanaacha. Hizi si za maumivu ya kichwa. Nyingi huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha mabadiliko, wengine wiki sita. Na ukipata nafuu usiache ghafla, rudi kwa aliyekuandikia akupunguzie taratibu. Halafu si kila mtu anahitaji dawa. Kwa hali isiyo kali, mazungumzo na mtaalamu yanaweza kutosha. Na tunapima pia damu na tezi la shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi kufanya kazi polepole vinaweza kuleta uchovu na mwili mzito unaofanana na sonona.

Nairobi_Mashariki:
Huku Kenya tunasema "msongo wa mawazo" kwa hiyo hiyo depression, hata kwa habari za runinga. Kwa mtaa ni "stress" tu, kila kitu ni stress. Sonona nimeisikia kwa Watanzania. Je, msongo wa mawazo ni makosa?

Mleta uzi:
Si makosa kwa maana ya kuelewana, ila linachanganya vitu viwili. Msongo wa mawazo linafaa kwa "stress": mambo yamekusonga, ada, kodi, kazi. Ukilipwa mshahara na kodi ikalipwa, msongo unalegea. Sonona haifuati mshahara. Unaweza kulipwa madeni yote na ukabaki palepale. Msongo wa muda mrefu unaweza kumfikisha mtu kwenye sonona, hilo ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kuwa na maneno mawili. Nimekutana pia na "unyogovu", "mfadhaiko" na "kushuka moyo" kwenye tafsiri mbalimbali. Fadhaa kwangu ni kuhangaika na kutotulia, iko karibu zaidi na wasiwasi.

Mama_Tupo:
Naomba nichangie kama mama. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza nililia siku ya tatu na ya nne bila sababu. Mama mkwe akasema ni kawaida, maziwa yanaingia. Ikaisha. Kwa wa pili haikuisha. Mtoto akilia namwangalia tu, nilikuwa naona kama ni mtoto wa jirani. Na nilikuwa naficha, kwa sababu ukishazaa salama kila mtu anakuambia mshukuru Mungu. Hakuna aliyeniuliza "una huzuni?" Na hata wangeniuliza ningesema hapana, kwa sababu haikuwa huzuni, ilikuwa sioni kitu. Aliyenisaidia ni nesi wa kliniki ya watoto aliyeniuliza: "Mama, unalala mtoto akilala?" Nikamwambia silali. Akaniketisha.

Muuguzi_wa_Zamu:
Mama_Tupo, asante sana, umewasaidia wengi kwa hayo. Ile ya kwanza Waingereza wanaiita "baby blues", inawapata akina mama wengi sana, na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ikipita hapo ni sonona ya baada ya kujifungua na ina matibabu, hata kwa anayenyonyesha. Swali la kulala mtoto anapolala ni zuri mno. Mama yeyote mchanga amechoka, huyo akipata nafasi anazimika. Anayekesha akiangalia dari wakati mtoto amelala, huyo tunamfuatilia. Na akianza kusikia sauti au kusema mtoto si wake au ana pepo, hiyo ni dharura, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Kanisa_K:
Kwa sisi waumini kuna tatizo la kuambiwa huna imani. Nawakumbusha nabii Eliya. Ametoka kushinda Karmeli, watu wote wameona, halafu anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamrudia mara ya pili na chakula. Wachungaji wenzangu tuanzie hapo. Kuombea tuombee, na nauli ya hospitali tutoe.

Kijana_Tandale:
Mkuu mleta uzi, sasa tuseme nini? Mimi nikisema "nina sonona" kwa masela wananishangaa. Nikisema "nina depression" wananielewa japo wanadhani natania.

Mleta uzi:
Kijana, sema unachokipata, usianze na jina. "Mwezi huu silali, sili, na sijisikii kufanya kitu chochote." Hakuna sela atakayecheka sentensi hiyo. Jina ataliweka daktari. Na ukiwa upande wa kusikiliza, mtu akikuambia ana depression, usimpime kwa neno. Muulize: tangu lini? Unalala? Unakula? Vile vitu ulivyokuwa unavipenda bado unavipenda? Kwa maswali hayo manne utajua kama anazungumzia mechi ya jana au anazungumzia jambo jingine.

Mkwajuni:
Nina ombi la kazi. Natafsiri dodoso la maswali tisa linalotumika kliniki. Swali la pili kwa Kiingereza ni "Feeling down, depressed, or hopeless". Maneno matatu kwa mkupuo. Nimeandika "kujisikia chini, kuwa na sonona, au bila matumaini" na naona halijakaa sawa.

Mleta uzi:
Halijakaa, uko sahihi kusita. "Kujisikia chini" hatusemi. Na "sonona" hapo itolewe kabisa, kwa sababu dodoso linatafuta dalili, na jina la ugonjwa haliwezi kuwa dalili yake lenyewe. Hapo "depressed" ni la maana ya kawaida, moyo uliolemewa. Mimi ningeandika: "kuwa na huzuni, kuvunjika moyo, au kukata tamaa". Dodoso hilo limeshatafsiriwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio, kwa hiyo kama ni kwa matumizi ya wagonjwa tafuta toleo lililokwisha kupimwa kabla ya kutunga lako. Ukibadilisha neno, alama nazo zinaweza kubadilika.

Muuguzi_wa_Zamu:
Naunga mkono, "huzuni, kuvunjika moyo, kukata tamaa" inaeleweka hata kwa bibi wa kijijini. Kila swali lina alama 0 hadi 3 kulingana na siku ngapi katika wiki mbili, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 tunamwangalia mtu kwa karibu zaidi. Lakini Mkwajuni, nakuomba sana kuhusu swali la tisa, lile la kufikiria kufa au kujiumiza. Usilipambe wala usilifiche kwenye maneno ya adabu. Nimeona tafsiri zinazosema "mawazo mabaya", mgonjwa anajibu hapana kwa sababu anafikiri unamuuliza kuhusu wizi au uzinzi. Andika wazi: "kufikiri kwamba ni bora ungekufa, au kufikiria kujiumiza". Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni karibu yake dawa, sumu na vitu vya kujidhuru, na mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo. Vituo vingi hawana daktari wa akili, lakini wanajua pa kumpeleka.